Kawia Ufike: Maisha ya Kenny Washington

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Kiswahili alitupa methali tuiandikie insha: Kawia ufike. Wenzangu wengi waliandika habari za sungura na kobe, na mmoja akaandika habari za basi lililoharibika njiani usiku. Mimi siku zile nilikuwa nimeumia goti katika mchezo wa mpira, na kila jioni wenzangu walipokwenda kiwanjani mimi nilikwenda maktaba. Humo nikakuta kitabu kikuukuu cha michezo ya Marekani, na ndani yake picha ya mtu mweusi mwenye mabega mapana, amevaa fulana yenye namba 13, anakimbia na mpira kwapani. Nikasoma habari zake. Nikatafuta vitabu vingine, nikasoma tena. Mwisho insha yangu yote ikawa ni habari za mtu huyo. Mwalimu aliponirudishia, aliniambia niirefushe na kuileta katika gazeti letu. Basi, ndugu wasomaji, hii hapa.

Mtu huyo ni Kenny Washington, mchezaji wa mpira wa Kimarekani. Alikufa mwaka 1971, kabla hata baadhi ya wazazi wetu hawajazaliwa, na katika darasa letu hapana aliyepata kulisikia jina lake. Lakini zamani zile katika mji wa Los Angeles watoto wadogo walilijua jina hilo kama walivyojua majina ya ndugu zao.

Kwanza yafaa nieleze mchezo wenyewe, maana sisi tukisema mpira twafikiri mpira wa miguu. Mpira wa Kimarekani ni mbali kabisa. Kila timu hutoa watu 11. Mpira wao si wa mviringo, bali umechongoka ncha mbili kama yai lililovutwa. Kutoka mstari wa goli mmoja mpaka wa pili ni yadi 100. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusonga mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa nafasi nne nyingine, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Mpira waweza kubebwa mikononi au kutupwa kwa mwenzako aliye mbele, na timu inayoufikisha ng'ambo ya mstari wa mwisho hupata pointi 6. Wapinzani wana ruhusa ya kumkamata mwenye mpira na kumwangusha chini kwa nguvu zao zote. Ndiyo sababu wachezaji huvaa kofia ngumu na kujifunga mito mabegani. Ni mchezo wa watu wenye miili, tena ni mchezo unaokula magoti ya watu.

UTOTO WAKE

Kenny alizaliwa tarehe 31 Agosti 1918 katika mji wa Los Angeles, jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani. Baba yake, Edgar, ambaye watu walimwita Blue, alikuwa mchezaji wa besiboli katika timu za watu weusi, kisha akawa mwigizaji wa sinema. Mara nyingi hakuwapo nyumbani. Kwa hiyo Kenny alilelewa na bibi yake, Susie, pamoja na ami yake, Rocky. Bibi huyo alikuwa mfanyakazi wa usafi katika shule ya watoto, na watu wa mtaa walimpenda sana. Ami alikuwa askari polisi, na baadaye akapanda mpaka cheo cha luteni, jambo ambalo mtu mweusi alilipata kwa shida kubwa siku zile. Huyo ndiye aliyekuwa kama baba kwa Kenny.

Mtaa wao uliitwa Lincoln Heights. Wengi wa wakazi wake walikuwa Waitaliano waliohamia Marekani, na watu weusi walikuwa wachache. Kenny alikua pamoja na watoto wa Kiitaliano, wakicheza mtaani mpaka giza linaingia. Katika shule ya sekondari ya Lincoln alicheza besiboli na mpira wa Kimarekani, na katika michezo yote miwili shule yake ikashinda mashindano ya mji. Watu waliomtazama walisema kwamba hawakujua ni mchezo upi anaouweza zaidi.

CHUO KIKUU

Baada ya shule aliingia Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, ambacho kwa kifupi huitwa UCLA. Mwaka 1937 akaanza kucheza katika timu kubwa ya chuo, akapewa namba 13. Pamoja naye alikuwako rafiki yake Woody Strode, kijana mrefu mwenye nguvu, ambaye baadaye alikuwa mwigizaji mashuhuri na watu wengi walimwona katika sinema ya Spartacus ya mwaka 1960. Mwaka 1939 waliongezeka vijana weusi wengine wawili, Ray Bartlett na Jackie Robinson. Huyu Jackie ndiye aliyekuja kujulikana dunia nzima kwa besiboli. Wakati ule vyuo vikuu vingi vya Marekani havikuwa na mchezaji mweusi hata mmoja, na hapa timu moja ilikuwa na wanne.

Kenny alijua kukimbia na mpira, na alijua kuutupa pia. Mwaka 1937 timu yake ilicheza na Chuo Kikuu cha Southern California, yaani USC, kilichoko katika mji uo huo, nao ndio mahasimu wao wakubwa. UCLA walikuwa wameachwa nyuma 19 kwa 0, na saa ilikuwa inakwisha. Kenny akatupa mpira, mwenzake akaudaka na kufunga. Punde si punde akatupa tena, na mara hii mpira ulikwenda zaidi ya yadi 60 hewani kabla ya kudakwa. Walishindwa 19 kwa 13, lakini walioutazama mchezo ule waliondoka wakizungumza habari za mkono wa Kenny.

Katika miaka yake mitatu alikimbia na mpira yadi 1,915, na ilichukua miaka 34 mpaka mwanafunzi mwingine wa chuo hicho kuipita hesabu hiyo. Mwaka 1939 alipata jumla ya yadi 1,370 kwa kukimbia na kutupa, na hapana mchezaji yeyote wa vyuo vikuu vya Marekani aliyepata zaidi mwaka ule. Tena siku zile mchezaji hakupumzika. Aliyeshambulia ndiye aliyelinda. Michezo 10 ya mwaka huo ilikuwa na dakika 600, naye Kenny alikuwa kiwanjani dakika 580. Timu yake ilishinda mara 6, ikatoka sare mara 4, haikufungwa hata mara moja.

Mchezo wa mwisho wa mwaka huo ulikuwa tena na USC, tarehe 9 Desemba 1939, katika kiwanja kikubwa kiitwacho Coliseum. Walikuja watu zaidi ya 100,000. Kama UCLA wangeshinda, wangekwenda kucheza katika mashindano makuu ya Mwaka Mpya huko Pasadena. Karibu na mwisho walifika yadi chache tu kutoka mstari wa goli, lakini walijaribu mara nne wasiupite. Ikawa sare, 0 kwa 0, na USC ndio waliokwenda Pasadena. Hata hivyo, Kenny alipotolewa kiwanjani mwishoni mwa mchezo, watu wale wote walisimama wakampigia makofi, wa UCLA na wa USC pia.

MLANGO ULIOFUNGWA

Sasa, ndugu msomaji, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha habari hii.

Siku ile ile ya tarehe 9 Desemba 1939, katika mji wa Milwaukee ulio mbali sana na Los Angeles, wenye timu za ligi kubwa ya nchi, iitwayo NFL, walikuwa wamekaa mezani. Desturi yao ni kukutana kila mwaka na kuchagua wanafunzi bora wa vyuo vikuu, ili waje kucheza kwa mshahara. Timu zilikuwa 10. Walichagua vijana 200. Walitaja jina baada ya jina, na jina la Kenny Washington halikutajwa. Kule Los Angeles watu 100,000 wamesimama kumshangilia, na kule Milwaukee hakuonekana kuwa hata mtu wa 200.

Sababu ilikuwa rangi ya ngozi yake. Ligi hiyo ilianzishwa mwaka 1920, na mwanzoni walikuwamo wachezaji weusi wachache, kama Fritz Pollard, ambaye hata alikuwa kiongozi wa timu. Mwaka 1933 walibaki wawili tu, Joe Lillard na Ray Kemp. Mwaka uliofuata hakuwamo hata mmoja, na ikawa hivyo kwa miaka 12. Hapana sheria iliyoandikwa. Ukiwauliza wenye timu, kila mmoja alikana kwamba kuna mapatano. Lakini miaka ilipita na hapana aliyemwita mtu mweusi. Mimi naona sheria ya namna hii ni mbaya kuliko ile iliyoandikwa, maana iliyoandikwa waweza kuisoma na kuipinga, lakini hii ukiitafuta huioni, na ukijaribu kupita waikuta mlangoni.

Watu wengine waliona aibu. Mtangazaji mmoja wa redio, Sam Balter, aliwauliza wenye timu hadharani, nchi nzima ikisikia, kwa nini wamemwacha mchezaji ambaye wote wanajua ni bora. Hakupata jibu. Agosti 1940 Kenny alialikwa Chicago kucheza katika timu ya wanafunzi bora dhidi ya Green Bay Packers, mabingwa wa NFL. George Halas, mwenye timu ya Chicago Bears, alimwona akacheza, akamtamani. Akamwomba angoje Chicago kidogo ili azungumze na wenziwe. Kenny akangoja. Siku zikapita. Mwisho Halas akamwambia kwamba haiwezekani. Kenny akafunga mizigo yake akarudi kwao.

Alikuwa na miaka 22. Kwa mchezaji wa mpira ule, miaka ya 22 mpaka 28 ndiyo miaka yenyewe. Ndiyo miaka ambayo miguu ina kasi na majeraha hupona upesi. Miaka hiyo Kenny aliitumia katika ligi ndogo ya pwani ya magharibi, katika timu iitwayo Hollywood Bears, yeye pamoja na Woody Strode. Huko alikuwa mfalme. Watu walijaa kumtazama. Lakini magazeti ya New York na Chicago hayakuandika habari za ligi hiyo, na hesabu za michezo yake hazikuwekwa katika vitabu vya NFL. Tena magoti yake yaliumia. Aliumia mwaka 1941, akaumia tena baadaye, na madaktari wakampasua zaidi ya mara moja.

Nilipofika hapa katika kusoma, nililitazama goti langu lililofungwa bendeji. Nilikuwa nimenung'unika majuma matatu kwa sababu ya kukosa mchezo mmoja na shule jirani. Nikaona haya.

KIWANJA NI CHA NANI?

Vita Kuu ya Pili ilikwisha mwaka 1945. Mwaka huo mabingwa wa NFL walikuwa Rams wa mji wa Cleveland. Walikuwa mabingwa lakini walikuwa wakipata hasara ya fedha, na mwenye timu, Dan Reeves, akakata shauri kuihamishia Los Angeles. Huko walihitaji kiwanja, na kiwanja kilichofaa kilikuwa Coliseum, kile kile ambamo Kenny alishangiliwa na watu 100,000.

Basi Januari 1946 mjumbe wa Rams, Chile Walsh, akaenda mbele ya halmashauri ya Coliseum kuomba ruhusa. Alidhani ni jambo la kutia sahihi tu. Lakini katika chumba kile walikuwamo waandishi wa magazeti ya watu weusi, na mmoja wao, Halley Harding wa Los Angeles Tribune, alisimama akaomba kusema. Aliwakumbusha kwamba Coliseum kilijengwa kwa fedha za umma, na kwamba watu weusi wa Los Angeles nao hulipa kodi. Akasimulia jinsi ligi ilivyowafungia watu weusi, na jinsi Kenny Washington alivyoachwa ilhali kila mtu katika chumba kile anamjua. Kisha akauliza itakuwaje timu isiyomtaka mtu mweusi ipewe kiwanja cha watu wote.

Swali lile halikuwa na jibu. Wajumbe wa halmashauri waliwaeleza Rams wazi kwamba wakitaka kiwanja lazima wafungue mlango. Tarehe 21 Machi 1946 Kenny Washington alitia sahihi mkataba na Rams. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuingia NFL tangu mwaka 1933. Rams walipotafuta mchezaji mweusi wa pili, ili Kenny apate mwenzake wa kulala naye chumba kimoja safarini, yeye aliwataja Woody Strode, na Woody akaandikwa Mei mwaka huo. Mwaka huo huo, katika ligi nyingine mpya iliyoshindana na NFL, timu ya Cleveland Browns iliwaandika Bill Willis na Marion Motley. Hivyo mwaka 1946 watu wanne waliingia. Watu wengi hufikiri Jackie Robinson ndiye aliyetangulia katika michezo mikubwa ya Marekani, lakini Jackie alianza kuichezea Brooklyn tarehe 15 Aprili 1947, na Kenny alikuwa amekwisha kucheza msimu mzima.

Nataka wenzangu tulizingatie jambo hili. Mioyo ya wenye timu haikubadilika usiku mmoja. Kilichobadilika ni kwamba mtu alisimama katika mkutano akauliza kiwanja ni cha nani. Na dawa hiyo ilitumika mara ya pili. Katika mji mkuu wa Marekani, mji wa Washington, ilikuwako timu ya mtu aliyeitwa George Preston Marshall, aliyekataa watu weusi miaka mingi baada ya wengine wote kukubali. Mwaka 1961 timu yake ilihamia kiwanja kipya kilichokuwa juu ya ardhi ya serikali. Serikali ya Rais Kennedy ikamwonya kwamba asipoacha ubaguzi hatakitumia. Mwaka 1962 Bobby Mitchell na wenzake weusi wakaichezea timu hiyo. Mara zote mbili mlango ulifunguliwa na watu waliokumbuka kwamba mali ya umma ina wenyewe.

YADI 92

Kenny alicheza mara ya kwanza katika NFL Septemba 1946, akiwa na miaka 28 na magoti yaliyopasuliwa. Mwaka wa kwanza alipewa mpira mara 23 tu, akapata yadi 114. Wachezaji wengine wa timu pinzani walimngoja kwa hamu mbaya. Alipoangushwa chini, walimrukia ilhali mchezo umekwisha kusimama. Wenzake wa timu walisimulia baadaye kwamba wako waliochota chokaa ya mistari ya kiwanja wakamtupia machoni. Kenny aliinuka, akajipangusa, akarudi mahali pake. Timu ilipokwenda Chicago, hoteli iliwakataa yeye na Woody. Wakapewa fedha wakatafute malazi upande wa mji walikokaa watu weusi, na wenzao wakalala hotelini. Fikiri, mtu umevaa fulana moja na mwenzako, umetoka jasho moja naye, na usiku unafika mnagawanywa mlangoni.

Woody aliachwa baada ya msimu mmoja, akaenda kucheza Kanada. Kenny akabaki.

Mwaka 1947 ndipo Wamarekani wote walipoona kidogo tu cha yale waliyonyimwa. Tarehe 2 Novemba Rams walicheza na Chicago Cardinals, timu iliyokuja kuwa bingwa mwaka ule. Mpira ulikuwa karibu kabisa na mstari wa goli la Rams wenyewe. Kenny akapewa, akapenya katikati ya watu, akakimbia yadi 92 mpaka akafunga. Naomba mkumbuke kwamba kiwanja kizima ni yadi 100. Baada ya miaka 70 hapana mchezaji mwingine wa Rams aliyekuwa amekimbia mbali kuliko hapo kwa mbio moja. Msimu huo kila alipopewa mpira alipata wastani wa yadi 7.4, na katika ligi nzima hapana aliyempita. Alifanya hayo kwa miguu ambayo madaktari walikuwa wamekwisha kuishona. Miguu yake ya mwaka 1940 ingefanya nini? Swali hilo nimejiuliza mara nyingi kitandani kabla ya kulala.

Mwaka 1948 alicheza msimu wa tatu, na magoti yakakataa. Desemba alistaafu, na katika mchezo wake wa mwisho watu wa Los Angeles walikusanyika Coliseum kumheshimu. Hesabu yake yote katika NFL ni hii: miaka 3, kupewa mpira mara 140, yadi 859, na mara 8 kufunga kwa kukimbia.

MWISHO WAKE

Baada ya hapo Kenny hakukaa bure. Mwaka 1950 alijaribu besiboli na timu ya New York Giants, lakini alikuwa na miaka 31 na miguu haikumtii. Aliigiza katika sinema kadhaa, mojawapo ile ya maisha ya Jackie Robinson iliyotoka mwaka 1950. Alifanya biashara, na baadaye akaitafutia timu ya Dodgers vijana wenye vipaji vya besiboli. Aliishi na mke wake, June, na watoto wao katika mji ule ule aliozaliwa. Chuo chake kiliiondoa namba 13 ili asiivae mwingine, na mwaka 1956 aliingizwa katika Jumba la Sifa la wachezaji wa vyuo vikuu.

Alikufa Los Angeles tarehe 24 Juni 1971, akiwa na miaka 52 tu. Jackie Robinson, aliyecheza naye chuoni na kuwaona wachezaji wengi maishani mwake, aliandika kwamba hakupata kuona mchezaji wa mpira ule aliye bora kuliko Kenny, na kwamba alihisi Kenny alikuwa na jeraha moyoni kwa kutopata nafasi yake kwa wakati.

Liko Jumba la Sifa jingine, la wachezaji wa kulipwa. Motley aliingizwa humo mwaka 1968, na Willis mwaka 1977, nao walistahili. Miaka 50 baada ya kifo chake, jina la Kenny lilikuwa bado halimo. Naelewa kwamba ukiangalia hesabu zake, miaka 3 na yadi 859 ni kidogo. Lakini waliozifanya hesabu hizo kuwa kidogo ni wao wenye ligi. Ni kama kumfungia mtu ndani mpaka saa sita, kisha kumlaumu jioni kwamba amelima matuta machache.

Pembeni mwa insha yangu mwalimu aliandika kwa wino mwekundu swali moja tu: je, alifika au hakufika? Nimelifikiri muda mrefu. Jibu langu ni kwamba alifika, na alifika kabla ya wengine. Walakini methali yetu humfaa msafiri anayejipunguzia mwendo mwenyewe ili asianguke. Mtu aliyemfunga mwenzake miguu hana haki ya kumwambia kawia ufike. Huyo anapaswa kumfungua, tena upesi, maana miaka ya mtu ikipita hairudi, hata mlango ukifunguliwa baadaye kwa makofi na tarumbeta.

Kwa sisi wanafunzi naona kuna mafunzo mawili. La kwanza ni la Kenny: kazi uliyopewa, hata ukipewa kwa kuchelewa, ifanye kama kwamba umepewa alfajiri. Yadi 92 zilikimbiwa na mtu mwenye magoti mabovu. La pili ni la Halley Harding, ambaye hakukimbia hata yadi moja katika habari hii. Yeye alisimama katika mkutano akauliza swali ambalo kila mtu alilijua na hapana aliyelitamka. Tukiona mwenzetu anaachwa nje ya jambo lililo letu sote, liwe timu, liwe kikundi cha kusoma, liwe benchi la kukalia, twaweza kuuliza kama yeye.

Goti langu limepona, nami nimerudi kiwanjani. Nimepoteza msimu mmoja, tena kwa bahati mbaya tu. Mkiniona nachelewa kuinuka nikiangushwa, msinihurumie. Naogopa tu kulitonesha tena.